Betri mpya kwenye gari la kisasa: uisajili kwa simu, kwa fundi, au uiache hivyo hivyo?

Mzee mmoja wa Ilazo alinifuata mwezi Novemba na BMW 320i yake ya mwaka 2013, aliyoiagiza Japani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Betri hii nimeinunua juzi tu, haijafikisha hata miezi mitatu, na kila asubuhi gari linaniandikia kwamba betri inaisha. Betri mpya inachokaje?"

Nikafungua buti. Betri ilikuwa safi, vichwa vimekazwa vizuri, waya mwembamba wa sensa umechomekwa mahali pake. Nikachomeka mashine chini ya usukani nikasoma kumbukumbu ya kompyuta ya injini. Kwa hesabu ya gari, betri iliyokuwa mle ndani ilikuwa bado ni ile ya zamani iliyokuja nayo. Hakuna aliyeliambia kwamba imebadilishwa. Na kulikuwa na jambo la pili lililonisikitisha zaidi: betri yenyewe haikuwa ya aina ambayo gari hilo linahitaji. Dukani aliambiwa ni betri kavu, naye akaamini, kama ambavyo mtu yeyote angeamini.

Mimi nafanya umeme wa magari hapa Dodoma. Tangu watumishi wa Serikali walipoanza kuhamia huku mwaka 2016, magari ya mji huu yamebadilika. Pembeni ya IST na Noah sasa kuna CX-5, X3, Touareg na Discovery, na maswali ya namna ya yule mzee nayapata karibu kila mwezi. Nataka nizipambanishe njia zilizopo za kusajili betri, yaani kuiambia kompyuta ya gari kwamba betri imebadilishwa, nikikiri mapema kwamba mojawapo ndiyo inayonilisha mimi na watoto wangu. Kwa hiyo nitasema pia ni wapi huna haja ya kunilipa.

Gari lako linauliza kweli?

Hili lijibiwe kabla hujatoa shilingi. Toyota nyingi tunazoziona hapa, kuanzia Passo, Raum, IST na Premio hadi Land Cruiser za wizara na mashirika, hazina habari ya kusajiliwa betri. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, unakaza, unaondoka. Fundi akikuambia Vitz yako ya 2006 inahitaji betri isajiliwe kwa mashine, muage kwa heshima. Usumbufu wa Toyota za Japani ni mwingine: redio. Betri ikitolewa, redio nyingi hujifunga na kudai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani, na watu hubaki na redio bubu kwa miaka. Dawa yake ni fundi kushikilia umeme kwa betri ya pembeni wakati anabadilisha. Mwambie kabla hajashika spana.

Magari yanayouliza ni yale ambayo kompyuta ndiyo inayoamua altaneta ichaji kwa nguvu gani na wakati gani. Kuyatambua, angalia kichwa cha hasi cha betri. Ukiona kidude cha plastiki kimeungana na kibano, kina plagi na waya mwembamba, hiyo ni sensa ya betri. Inapima umeme unaoingia na kutoka, volti na joto. Kuwa nayo hakumaanishi kila mara kwamba lazima usajili, lakini gari lisilokuwa nayo mara nyingi halina cha kusajili.

BMW ndizo zinazojulikana zaidi kwa hili, tangu kizazi cha E60 na E90 (5 Series na 3 Series za miaka ya 2000). Audi nyingi na Volkswagen kama Touareg zinataka zaidi: uziambie ukubwa wa betri kwa Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kutunza), mtengenezaji wake na namba yake ya utambulisho. Land Rover kama Discovery 4 zina mfumo wa kufuatilia betri unaotakiwa kuanzishwa upya. Ford nyingi za kisasa pia. Kisha kuna kundi la Kijapani ambalo wengi hawalitegemei: Mazda, Nissan na nyinginezo zinazojizima zenyewe ukisimama kwenye taa. Hizi huweka hesabu ya umeme uliopita kwenye betri, na hesabu hiyo inatakiwa kufutwa betri ikibadilishwa.

Kwa nini gari lijali? Kwa sababu betri inavyozeeka hupokea na kutunza chaji kwa shida, na kompyuta inafuatilia uzee huo. Inaongeza chaji kufidia, na inaanza kubana matumizi: inakataa kujizima kwenye taa, inakata redio mapema, inapunguza joto la viti. Ukiweka betri mpya kimya kimya, ni sawa na mgonjwa kuondoka wodini, kitandani akalala mtu mzima asiyeumwa, na nesi akaendelea kutoa dozi ya yule wa kwanza kwa kuwa faili halijabadilishwa.

Chagua betri kabla ya kuchagua wa kuisajili

Hapa ndipo hela inapopotea zaidi, na ndiyo sababu naliweka mbele ya habari za mashine.

Madukani tumezoea aina mbili: betri ya maji na betri kavu. Ya maji ina vifuniko, unaongeza maji mwenyewe. Inayoitwa kavu, mara nyingi, ni betri ileile ya tindikali iliyozibwa isifunguliwe. Ndani mna majimaji kama kawaida. Haina ubaya wowote kwenye Premio. Lakini kavu si AGM. Kwenye AGM tindikali imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya sahani; inavumilia kuchoshwa na kujazwa mara nyingi kwa siku, na inapokea chaji upesi. Katikati kuna EFB, yenye majimaji lakini sahani zake zimeimarishwa. Herufi hizo huandikwa waziwazi kwenye lebo au kwenye boksi. Kama hazipo, usikubali maneno ya mdomo. Pia AGM ni nzito kuliko ya kawaida ya kimo kilekile; mkono utakwambia.

Kanuni ninayoifuata ni fupi. Gari lililotoka kiwandani na AGM lipewe AGM. Lililotoka na EFB lipewe EFB, au lipandishwe kwenda AGM. Kushuka ngazi ndiko kunakozaa matatizo ambayo hakuna usajili utakaoyaponya.

Kwa magari ya Kijapani yanayojizima, lebo ina namna yake: M-42, N-55, Q-85, S-95, T-110. Mazda nyingi hutumia Q-85. Ukienda dukani na Q-85 mkononi, muuzaji ataipima kwa macho na kukupa 80D23L, kwa sababu boksi lake linalingana. Itaingia na gari litawaka, ila si betri iliyotengenezwa kwa kazi ya kuwasha injini mara thelathini kwa siku. Kama Q-85 haipatikani au bei imekushinda, ipo njia ya uungwana: weka hiyo 80D23L na uwe unabonyeza kitufe cha kuzima i-stop, ule mfumo wa Mazda wa kujizima kwenye taa, kila unapowasha gari. Dodoma haina foleni ya Dar es Salaam, mafuta utakayopoteza ni kidogo. Mimi nimewashauri hivyo wateja kadhaa na sijawahi kujuta.

Halafu hizi namba. Watu husoma 80D23L wakadhani ni Ah 80. Sivyo. Kwenye 80D23L, 80 ni daraja la nguvu, D ni kimo na upana, 23 ni urefu kwa sentimita, L inaeleza upande wa nguzo. Ah zake ni pungufu ya 80. Linakuwa jambo zito unapofika kusajili, maana mashine itauliza Ah za kweli. Betri nyingi za Ulaya huziandika moja kwa moja, kwa mfano 12V 80Ah. Piga picha lebo ukiwa bado dukani, betri ikishakaa ndani ya buti hutaiona vizuri.

Kuiacha bila kusajili

Wapo waliobadili betri mara mbili bila kusajili na magari yao yanakwenda. Siwabishii. Gari halizimiki njiani kwa kukosa usajili. Madhara yake huja polepole: betri inachajiwa kama mzee, na AGM ikichajiwa kupita kiasi inapoteza maji yake kupitia vali, nawe huna mahali pa kuyarudisha. Kilichotakiwa kukaa miaka mitano kinaondoka mapema, na mwenye gari analaumu duka.

Kwa hiyo uzito wa kuacha unategemea gari. Ford nyingi hujifunza betri mpya zenyewe baada ya muda, hasa gari likilala limefungwa kwa saa nyingi bila kuguswa. Baadhi hata zina njia isiyohitaji mashine: washa swichi bila injini, mulika taa kubwa mara tano, kisha kanyaga breki mara tatu, au kwa matoleo mengine bonyeza hazadi mara tatu, taa ya betri ikimweka mara tatu kwenye dashibodi, imekubali. Haifanyi kazi kwenye kila Ford, lakini kujaribu hakuharibu kitu. Mazda na Nissan nazo zitatembea. Utakachokiona ni kwamba gari halijizimi tena kwenye taa, au linajizima bila mpangilio.

BMW na Audi nisingeziacha. Ila pia nisingepaniki. Betri ikikufia Manyoni jioni, weka inayopatikana yenye kimo sahihi, lala, uje nayo mjini kesho yake au wiki ijayo.

Simu na kifaa kidogo cha kuchomeka

Hii ni njia ninayoipenda kwa watu wenye gari moja na subira ya kusoma. Unanunua kifaa cha Bluetooth au Wi-Fi kinachochomekwa kwenye tundu la OBD chini ya usukani, na unaweka programu kwenye simu. Kwa BMW kuna BimmerLink, ambayo ina sehemu ya kusajili betri. Carly nayo inafanya. Kundi la Volkswagen na Audi wana OBDeleven, inayokuja na kifaa chake. Ford wana FORScan.

Uzuri wake ni kwamba kifaa kinabaki kwako. Betri unabadilisha mara moja kwa miaka kadhaa, lakini taa ya injini inaweza kuwaka mwezi wowote, na ukaisoma mwenyewe kabla hujaenda kwa fundi. Kwa mtu anayeishi Kondoa, Mpwapwa au Kongwa, ambako kumfuata mwenye mashine ni safari, faida inaonekana haraka.

Ubaya uko sehemu tatu. Kwanza, vifaa vya bei ya chini kabisa vyenye jina la ELM327 vimejaa sokoni, na vingi ni nakala duni. Vinasoma taa ya injini vizuri, lakini ukifika kwenye kazi ya kuandika ndani ya kompyuta, mawasiliano yanakatika katikati. Nunua kile ambacho programu yenyewe imekitaja kwamba inakubaliana nacho. Pili, malipo ya programu hufanyika mtandaoni. Utahitaji kadi ya benki au ile kadi ya kimtandao ya kampuni ya simu.

La tatu ndilo kubwa, na watu wengi hawalijui. Kusajili betri ni jambo moja, kubadilisha taarifa za aina na ukubwa wa betri ni jambo jingine. Kusajili ni kuliambia gari: "Betri ni mpya, anza hesabu upya, aina ni ileile." Kama gari lilikuwa na AGM ya Ah 80 na umeweka AGM ya Ah 80, kazi imekwisha, na simu imetosha kabisa. Ukiwa umetoka Ah 70 kwenda 90, au umebadili aina, kusajili peke yake kunaacha kompyuta na ukubwa wa zamani. Kubadilisha taarifa hizo ni kazi ya ndani zaidi, na si kila programu ya simu inaifanya kwenye kila gari. Kwa Audi na Volkswagen zinazotumia mfumo huu mambo yanakwenda pamoja, kwa kuwa unajaza Ah, mtengenezaji na namba kwa wakati mmoja. Betri mpya ikiwa haina namba ya aina hiyo, mafundi wengi huibadilisha tarakimu moja tu kwenye namba ya zamani, ili gari lione kwamba kilichopo sasa si kile cha jana. Inakubali bila shida.

Fundi mwenye mashine

Mashine kama Launch au Autel zinakula magari ya kila namna, na zina sehemu maalumu ya betri. Nyingi zinasajili na pia zinabadilisha Ah na aina, kwa yale magari ambayo mashine imeyafungulia. Fundi anaweza kukufuata Mtumba ukiwa kazini au nyumbani Kisasa, dakika ishirini kazi imekwisha. Mimi natoza shilingi 40,000 kusajili tu, na 70,000 kama aina au ukubwa umebadilika kwa sababu muda ni mrefu zaidi. Wenzangu wana bei zao.

Ugumu ni kumjua fundi mwenyewe. Kumiliki mashine si kujua kuitumia. Wapo wanaofuta tu makosa yaliyoandikwa kwenye kompyuta, taa zinazimika kwenye dashibodi, mteja anaambiwa betri imesajiliwa. Wiki mbili baadaye ujumbe unarudi. Muulize maneno haya kabla hajaanza: "Fundi, gari langu limeandikwa Ah ngapi sasa hivi, na aina gani?" Anayejua ataifungua mashine na kukuonyesha. Asiyejua atakuambia hilo halina umuhimu. Na akimaliza, omba uone kioo cha mashine: kwenye BMW kumbukumbu huonyesha betri ilibadilishwa gari likiwa na kilomita ngapi. Kilomita za leo zikiwepo, umesajiliwa.

Kumbukumbu hiyo inafaa pia unaponunua BMW kwa mtu. Ukikuta betri iliyomo ni mpya kabisa na mara ya mwisho kusajiliwa ni kilomita 90,000 zilizopita, una swali la kumuuliza muuzaji.

Kitu kingine cha kuangalia ni mikono yake. Tumezoea kugonga vibano vya betri kwa nyundo au kuvikwanyua kwa bisibisi vikigoma. Kwenye gari lenye sensa, kukwanyua namna hiyo kunaweza kuvunja sensa, na bei yake haifurahishi. Nati ilegezwe kwanza, kibano kipanuliwe taratibu, kinyanyuliwe kwa mkono. Hasi itoke kwanza na irudi mwisho. Kwa BMW yenye betri kwenye buti, kuna mpira mwembamba wa kutolea gesi nje ya gari. Nimekuta umeachwa ukining'inia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Urudishwe. Gesi ya betri haifai kubaki ndani ya gari mlimokaa watoto.

Wakala Dar es Salaam

Mawakala wa watengenezaji wa magari wana vifaa vya kiwanda, wana betri sahihi, na ukiwa na gari lililo bado kwenye dhamana usiende kwingine. Kwa gari la mkononi kutoka Japani, kuliendesha kilomita 450 kwa ajili ya betri tu sioni sababu. Liunganishe na kazi nyingine kubwa kama unayo.

Kusajili kitu ambacho si kweli

Dada mmoja aliniomba nisajili betri yake ya miaka minne kama mpya, ili ujumbe uondoke kwenye dashibodi alipeleke gari kwa mnunuzi. Nilikataa, na nilimweleza sababu ambayo ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya uaminifu. Gari likiamini betri ni mpya linaacha kuibania. Linajizima kwenye taa kwa raha, linaruhusu feni na redio vifanye kazi injini ikiwa imezimwa, na siku moja mnunuzi wa watu anasimama kwenye mzunguko wa barabara na gari haliwaki tena. Betri isiyosajiliwa inadhulumiwa kidogo kidogo. Betri mbovu iliyosajiliwa inamwangusha mtu ghafla. Ni afadhali ile ya kwanza.

Vivyo hivyo betri ya kawaida kuandikwa kwamba ni AGM. Gari litaichaji kwa kipimo cha AGM, na joto letu la Oktoba na Novemba litamalizia.

Kabla hujalaumu usajili

Mambo mawili nayakuta yamejificha nyuma ya malalamiko ya betri. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watu wengi wanaliacha gari nyumbani wiki mbili wakaenda Dar. Gari la kisasa halilali kabisa. Alamu inakesha, na kama una kifaa cha kufuatilia gari nacho kinakesha. Ukirudi ukakuta betri imeshuka, si lazima kompyuta iwe na kosa. Na hicho kifaa cha kufuatilia, angalia waya wake wa ethi umefungwa wapi. Ukifungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya hasi, umeme wake haupiti kwenye sensa, na gari linaamini betri imejaa wakati inanyonywa. Ufungwe kwenye bodi ya gari. Hata unapobusti, waya mweusi uukamatishe kwenye chuma cha injini au bodi, siyo kwenye nguzo ya hasi, kwa sababu hiyohiyo.

La pili ni altaneta kuhukumiwa bure. Fundi anapima volti injini ikiwaka, anakuta 12.8, anasema altaneta imekufa. Kwenye gari ambalo kompyuta inaamua chaji, hiyo inaweza kuwa sawa kabisa: betri ikiwa vizuri chaji hushushwa ili kuokoa mafuta, na ukiachia pedeli ya mafuta barabarani hupanda hadi juu ya 14. Pima ukitembea, washa taa na AC, angalia namba zinavyocheza, ndipo uongee habari za altaneta.

Ningekuwa wewe

Kama gari ni Mazda au Nissan inayojizima, nunua betri yenye herufi sahihi kwenye lebo, mwombe fundi mwenye mashine afute hesabu, na usitumie siku nzima kwa hilo. Ford, jaribu njia ya taa kwanza. BMW ambayo umeiwekea betri ya aina na Ah zilezile, na una simu na mtu mwenye subira nyumbani, nunua kifaa kizuri ujisajilie. Umebadili Ah au aina, tafuta fundi anayeweza kukuonyesha kwenye kioo kilichoandikwa kabla na baada. Audi au Touareg, nenda kwa fundi, isipokuwa tayari unayo OBDeleven na picha ya lebo ya betri.

Yule mzee wa Ilazo nilimwekea njia mbili. Ningeweza kuliandikia gari kwamba sasa lina betri ya kawaida na Ah zake za kweli, chaji ikashuka ipasavyo, naye akawa anazima kile kitufe cha gari kujizima kila asubuhi. Angetumia hela ndogo. Au arudi dukani na risiti yake, aeleze alichoambiwa, aongezee apewe AGM ya Ah 80 kama ile iliyokuja na gari.

Alikaa kwenye kiti akafikiri. "Mimi mwanangu nitasahau hicho kitufe," akasema.

Alirudi siku ya tatu na AGM, muuzaji alikuwa amekubali kubadilisha. Kwa kuwa aina na Ah zililingana na zilizoandikwa, sikuwa na cha kubadilisha, nikasajili tu. Nikamwonyesha mstari mpya kwenye kioo, wenye kilomita za siku ile. Akavaa miwani, akainama akausoma, halafu akaniomba nimwandikie namba hizo kwenye karatasi aiweke pamoja na kadi ya gari.